Intaneti ya Nyumbani Imekwama? Tafuta Shida Iko Wapi Kabla ya Kutuma Pesa

Wateja wetu wengi hulipia intaneti ya nyumbani kwa simu. Unaingiza nambari ya Paybill, nambari ya akaunti, kiasi, kisha PIN, na baada ya sekunde chache ujumbe wa kuthibitisha umeingia. Mambo rahisi. Kazi huanza pale pesa zimekwenda lakini intaneti haiji, au ilikuwepo asubuhi na sasa hivi imelala, na mtoto ana kazi ya shule ya kutuma kabla ya saa tatu usiku.

Wakati kama huo mkono hukimbilia simu. Kuna anayelipa kifurushi mara ya pili akidhani malipo ya kwanza yalipotea. Kuna anayehamia kifurushi cha bei ya juu kumbe shida ni ukuta wa chumba cha kulala. Kuna anayemlipia fundi nauli kutoka mtaa wa pili, kumbe ni plagi iliyolegea kwenye soketi. Na kuna anayetafuta nambari ya usaidizi mtandaoni, akaangukia ya matapeli, na kufikia asubuhi pochi yake ya simu imebaki na sufuri.

Kwa hivyo leo tunataka tukubaliane jambo moja: usitume hata shilingi moja kabla hujajua mahali palipokatika.

Fikiria maji ya mfereji. Yasipotoka, huendi moja kwa moja kununua tangi mpya. Unauliza kama bili imelipwa, unaangalia mita, unamuuliza jirani kama kwake yanatoka. Intaneti nayo hupitia hatua tano kabla ya kukufikia: malipo, rauta, Wi-Fi, kompyuta yako, na ile tovuti unayotaka kufungua. Zipitie kwa mpangilio huo. Nyingi hazichukui zaidi ya dakika mbili, na zote ni bure.

Hatua ya 1: Je, malipo yalifika mahali pake?

Anza na ujumbe wa kuthibitisha ulio kwenye simu yako. Usiukadirie kichwani, ufungue uusome. Angalia vitu vinne: jina la kampuni iliyopokea, nambari ya akaunti, kiasi, na tarehe.

Nambari ya akaunti ndiyo huwaponza wengi. Ukikosea tarakimu moja tu, pesa zinaweza kufika kwa kampuni sahihi lakini zikamlipia mtu mwingine kabisa, au zikakaa tu bila kujulikana ni za nani. Kwa mfumo wa simu, malipo yako yamefaulu. Kwa kampuni ya intaneti, wewe bado hujalipa. Hapo dawa si kulipa tena. Piga simu kwa kampuni hiyo, wape ile kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe, nambari uliyoandika, na nambari sahihi. Wao ndio wanaoona mahali pesa zilipoangukia. Kama hata Paybill yenyewe ilikuwa ya kampuni nyingine, wasiliana nasi haraka. Pesa zilizoingia kwenye akaunti ya biashara hurejeshwa kwa kuihusisha biashara hiyo, na kadiri unavyokawia ndivyo kazi inavyozidi kuwa ngumu.

Jambo la pili ni tarehe. Vifurushi vingi vya kulipia kabla ni vya siku 30, na siku 30 si mwezi. Ukilipa tarehe 5 Januari, siku 30 zinaisha tarehe 4 Februari. Ukisubiri tarehe 5 kila mwezi, polepole unaachwa nyuma. Dalili yake ni ya kuchanganya: simu inaonyesha Wi-Fi imeshika vizuri kabisa, lakini hakuna kinachofunguka. Weka kikumbusho kwenye simu siku mbili kabla ya kifurushi kuisha, na uhifadhi nambari ya akaunti mahali pamoja ili usiwe unaiandika kutoka kichwani kila mara.

Hatua ya 2: Rauta inasema nini?

Rauta huongea kwa taa. Kabla ya kugusa chochote, zitazame.

Kama hakuna taa hata moja, shida ni stima. Jaribu soketi nyingine, kisha angalia chaja yake. Rauta nyingi hutumia chaja ya volti 12, lakini si zote, kwa hivyo soma maandishi yaliyo chini ya rauta kabla ya kuazima chaja ya kifaa kingine. Volti zikizidi, rauta inaweza kuungua, na hapo utakuwa umejiongezea gharama.

Kama una faiba, tafuta taa mbili: moja imeandikwa PON na nyingine LOS. PON ikiwa ya kijani na imetulia, mwanga unafika nyumbani kwako vizuri. LOS ikiwaka nyekundu au kumetameta, mwanga haufiki. Ndani ya waya wa faiba kuna uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, na hauvumilii kukunjwa. Chungulia nyuma ya kabati: huenda kochi limeukalia, au mtoto ameuvuta. Unyooshe taratibu. Usiuchomoe na kutazama ndani ya ncha yake, kwa sababu mwanga wa leza unaweza kudhuru macho hata kama huuoni.

LOS ikibaki nyekundu na waya wa ndani ya nyumba uko sawa, basi pengine umekatika nje: kwenye nguzo, kwenye ukuta wa ploti, au mahali wanapochimba barabara. Hiyo ni kazi ya kampuni, na hakuna kifurushi utakacholipia kitakachoiwasha. Wapigie na uwaambie maneno haya: “LOS ni nyekundu.” Utakuwa umewapunguzia nusu ya maswali.

Kama taa ziko sawa lakini intaneti haipo, zima rauta kwenye soketi, hesabu hadi 30, kisha iwashe na uipe dakika tatu hadi tano itulie. Ushauri huu huchekesha watu, lakini rauta ni kompyuta ndogo, na ikikaa wiki nyingi bila kupumzika huweza kukwama.

Onyo moja hapa. Kuzima na kuwasha si sawa na kubonyeza kile kitufe kidogo kilicho ndani ya tundu la sindano. Kitufe hicho hufuta mipangilio yote ya rauta, ikiwemo ile fundi aliyoingiza siku ya kwanza. Ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa, shida ya dakika tano inaweza kugeuka kuwa ya siku mbili ukisubiri fundi. Kiache, isipokuwa kampuni yenyewe ikuelekeze.

Hatua ya 3: Ni intaneti, au ni Wi-Fi?

Hivi ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kunakula pesa za watu. Intaneti ni kile kinachoingia kwenye rauta. Wi-Fi ni njia ya kukitoa kwenye rauta hadi kwenye kifaa chako. Unaweza kuwa na intaneti nzuri na Wi-Fi mbaya.

Jaribio lake ni rahisi. Simama karibu na rauta ukiwa na simu, zima data ya laini, na ufungue video. Ikicheza vizuri hapo lakini ikakwama chumbani, intaneti yako haina kosa. Kuta za mawe, milango ya chuma na friji hupunguza nguvu za Wi-Fi. Kabla ya kupandisha kifurushi, pandisha rauta: itoe sakafuni au nyuma ya televisheni, iweke juu ya kabati katikati ya nyumba.

Rauta nyingi za siku hizi hutoa Wi-Fi ya aina mbili. Ile ya 2.4 GHz hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ina msongamano, hasa kwenye fleti ambako kila mlango una rauta yake. Ile ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini huchoka haraka. Ukiwa sebuleni karibu na rauta tumia 5 GHz. Ukiwa mbali tumia 2.4 GHz. Na kama laptopu yako ya zamani haioni jina la 5 GHz kabisa, usidhani imeharibika. Nyingine zilitengenezwa kwa 2.4 GHz pekee.

Halafu kuna hesabu ya kasi. Kifurushi cha Mbps 10 hakimaanishi megabaiti 10 kwa sekunde. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hivyo ni megabaiti 1.25 kwa sekunde. Faili la GB 1 litachukua takriban dakika 13 hata kila kitu kikiwa sawa. Video ya ubora wa HD huhitaji karibu Mbps 5, maana yake watu wawili wakitazama kwa wakati mmoja, Mbps 10 zimekwisha. Hapo sasa, kama mko wanne na kila mtu ana skrini yake, kupandisha kifurushi kuna maana. Angalau utakuwa unalipia kitu unachokijua.

Hatua ya 4: Shida iko kwenye kompyuta?

Simu inafungua kila kitu, kompyuta imegoma? Washa hotspoti ya simu na uunganishe kompyuta hapo kwa dakika moja. Ikifanya kazi, basi kompyuta ni nzima na tatizo ni uhusiano wake na rauta. Isipofanya kazi hata hapo, kompyuta ndiyo yenye maneno. Haya ndiyo mambo ya kuangalia kwanza:

• Hali ya ndege. Laptopu nyingi zina kitufe cha kuzima Wi-Fi kwenye safu ya juu ya kibodi. Kikiguswa bila kukusudia, Wi-Fi inapotea yote.

• Neno la siri la zamani. Kama mlibadilisha neno la siri la Wi-Fi, iambie kompyuta isahau mtandao huo, kisha uunganishe upya.

• Anwani. Ukifungua maelezo ya mtandao kwenye kompyuta ukakuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake imeshindwa kupewa anwani na rauta. Zima Wi-Fi ya kompyuta na uiwashe tena, au zima na kuwasha vyote viwili, rauta kwanza.

• Tarehe na saa. Hii hushangaza wengi. Kompyuta ikidhani ni mwaka wa 2015, tovuti za benki, eCitizen na KRA zitakataa kufunguka na kutoa onyo kwamba muunganisho si salama. Rekebisha tarehe kwanza. Kama inarudi nyuma kila ukizima, betri ndogo iliyo ndani ya mashine imekufa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni ile ya duara inayoitwa CR2032, inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme.

• Masasisho. Windows hupakua masasisho kimya kimya. Ukitumia hotspoti, inaweza kumaliza bando lako kabla hujatuma barua pepe moja. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe palipoandikwa Metered connection. Itapunguza upakuaji huo.

Hatua ya 5: Au ni tovuti yenyewe, au ni bahari?

Kama tovuti nyingine zinafunguka na moja tu imegoma, usiilaumu rauta. Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya ushuru wa mapato ya mtu binafsi, watu wengi hukimbilia iTax kwa pamoja. Huwezi kulipia kasi ya kutatua foleni ya upande wa pili. Dawa ni kuwahi mapema.

Na kuna siku tatizo ni kubwa kuliko nyumba yako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na katika nchi kadhaa za kanda hii. Siku kama hiyo, muulize jirani anayetumia kampuni tofauti na yako. Naye akilalamika, weka simu chini, hifadhi pesa zako, usubiri.

Wanaokuja kusaidia bila kuitwa

Sasa tuje kwa jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mtu ambaye intaneti yake imekwama ana haraka, na matapeli wanapenda mtu mwenye haraka.

Mbinu ya kwanza ni nambari bandia. Unaandika kwenye mitandao ya kijamii kwamba kampuni fulani haikusaidii, na muda si muda akaunti yenye nembo ya kampuni hiyo inakujibu kwa upole: “Pole sana mteja wetu, tuandikie WhatsApp kwa nambari hii.” Usifuate. Nambari ya kuamini ni ile iliyo kwenye mkataba wako, kwenye kibandiko cha rauta, au kwenye tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe.

Mbinu ya pili ni kurudishiwa pesa. Unapigiwa ukiambiwa, “Tulikuwa na hitilafu, tunataka kukurudishia shilingi mia nane, tupatie PIN tuthibitishe.” Kaa ukijua: kupokea pesa hakuhitaji PIN. PIN ni ya kutoa. Yeyote anayekuomba PIN, au zile tarakimu za siri zilizotumwa kwa SMS, anataka kutoa, hata akijitambulisha kama mfanyakazi wetu. Sisi hatutakuomba PIN yako hata siku moja.

Mbinu ya tatu ni ya kompyuta. Unaambiwa mashine yako ina virusi, na usakinishe programu ili “fundi” aione skrini yako akiwa mbali. Programu kama AnyDesk na TeamViewer ni halali, na mafundi wa kweli huzitumia. Lakini ukimfungulia mtu usiyemjua, anaona kila unachoandika, na programu za aina hii hufanya kazi hata kwenye simu iliyobeba pesa zako. Kanuni yetu: kama si wewe uliyempigia kwenye nambari rasmi, usimfungulie. Ukishamfungulia kimakosa, zima intaneti ya kifaa hicho mara moja, badilisha PIN ukitumia simu nyingine, wapigie benki yako na sisi, kisha uripoti kwa polisi. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Unapolazimika kulipa

Kuna wakati fundi anahitajika kweli, au kompyuta imezeeka. Hapo pia lipa ukiwa na macho wazi.

Kwa fundi wa kampuni, uliza kwanza kama ziara inalipiwa, na inalipiwa kupitia nambari gani. Akikuambia utume kwa nambari yake binafsi, piga simu kwa kampuni uthibitishe. Kwa fundi wa mtaani, kubalianeni bei kabla hajafungua mashine, na ulipe baada ya kuona kazi. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kukamilisha malipo, na uhifadhi ule ujumbe. Siku mkikosana, ndio risiti yako.

Kwa anayenunua laptopu iliyotumika, zile zinazoitwa ex-UK, iwashe ukiwa dukani na uiunganishe na hotspoti yako mwenyewe. Ikikuomba uingie kwa akaunti ya kampuni au shule usiyoijua, iache hapo hapo, maana mwenyewe bado anaweza kuifunga. Uliza pia kama inakubali Windows 11. Microsoft ilihitimisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji, pamoja na mambo mengine, RAM ya GB 4 au zaidi na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine nyingi za zamani hazitimizi masharti hayo, na hiyo ni sababu nzuri ya kupatana bei.

Unapopiga simu ya usaidizi

Kuwa na haya mkononi:

1. Nambari ya akaunti yako ya intaneti.
2. Kodi ya muamala wa mwisho, tarehe na kiasi.
3. Taa zinazowaka kwenye rauta na rangi zake.
4. Shida iko kwenye kifaa kimoja au vyote.
5. Ilianza lini, na umejaribu nini.

Omba nambari ya malalamiko na uiandike. Kampuni isipokusaidia baada ya kulalamika ipasavyo, unaweza kupeleka suala hilo kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na nambari hiyo pamoja na ujumbe wako wa malipo ndio ushahidi.

Mwonyeshe makala hii yule wa nyumbani ambaye huachiwa kulipia intaneti. Na kama una muamala wa Paybill usioulewa, usiulipie mara ya pili: wasiliana nasi kupitia nambari zetu rasmi, tuufuatilie pamoja.